Leaf ya mtumba, gesi au nibaki na petroli? Hesabu ya betri kwa dereva wa Dar

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma lote, ngoja nilirudie kwa kifupi ili na wengine wenye shida kama yako wafuate. Unasema una Toyota IST yako mwenyewe, unabeba abiria wa mtandaoni hapa Dar, kwa siku unapiga kama kilomita 160, siku 26 kwa mwezi, na petroli inakumaliza. Una akiba ya milioni 14. Rafiki yako anakushawishi uagize Nissan Leaf, gari ya umeme, ya mtumba kutoka Japani, fundi wa mtaani kwenu anakwambia funga gesi, na shemeji yako wa Nairobi anaendesha boda ya umeme anakuambia ukichelewa shauri yako. Halafu una hofu mbili, ya kwanza betri ikifa umebaki na bati, ya pili umesikia haidrojeni inakuja na betri zote zitapitwa na wakati.

Mi kazi yangu ni umeme wa magari, Leaf nazifungua na IST za gesi nazipokea pia, kwaiyo sina upande ninaoutetea hapa. Kwa kazi yako wewe, hapa Dar, saivi, funga gesi na Leaf iache kwanza. Ila sababu sio ile unayoiogopa ya betri kufa ghafla, na ukielewa sababu yenyewe utajua na lini ugeuze mawazo, maana huo wakati utafika na hauko mbali sana.

Watu wengi wanakosea pale wanapolinganisha bei ya umeme na bei ya petroli wakaishia hapo. Umeme ni rahisi, kweli, kila mtu anajua. Lakini betri ni kama umenunua mafuta ya miaka saba kwa mkupuo siku ile unayolipia gari, umeyaweka chini ya siti, na yanapungua kila siku utumie usitumie. Kwaiyo swali sio betri itakufa lini, swali ni kila kilomita ninayotembea betri inanila shilingi ngapi, nikijumlisha na umeme inakuwa ngapi, halafu hiyo namba ndio naipeleka kwenye mizani na gesi au petroli.

Haya tuhesabu, na namba ntakazoweka we zibadilishe kulingana na hali yako. Petroli naweka 2,900 kwa lita. IST kwenye foleni za Mwenge na Buguruni na AC imewashwa muda wote nakupa kilomita 13 kwa lita, hapo kilomita moja ni shilingi 223 na siku yako ya kilomita 160 ni karibu elfu 36. Gesi naweka 1,550 kwa kilo, kilo moja ya gesi ni sawa na lita moja na nusu kasoro ya petroli kwaiyo tuseme kilomita 19, kilomita moja inakuja shilingi 82, siku nzima ni elfu 13 hivi. Sasa Leaf. Mjini na AC inakula kama uniti 16 kwa kilomita 100, ila usisahau kuna umeme unapotea njiani wakati wa kuchaji, unageuka joto kwenye chaja na kwenye betri, kwaiyo kwenye LUKU zitatoka kama uniti 18. Uniti ya mteja wa kawaida wa T1 ukijumlisha na kodi na makato yote ni shilingi 356. Kilomita moja inakuja shilingi 64, siku nzima elfu 10 na kidogo.

Umeziona hizo namba tatu? 223, 82, 64. Wanaokupigia debe la umeme wanakuonyesha 223 na 64 tu, ile ya katikati wanairuka.

Kutoka petroli kwenda gesi unaokoa karibu elfu 22 na mia sita kila siku ya kazi. Kufunga mfumo kwa gari ya silinda nne ukiambiwa milioni 1.8 ina maana siku 80 za kazi hela imerudi, yaani miezi mitatu, baada ya hapo ni yako. Kutoka gesi kwenda umeme unaokoa elfu tatu kasoro kwa siku, kwa mwaka wa kilomita elfu 50 ni kama laki tisa. Ongeza na matengenezo, maana Leaf haina oili ya injini, haina plagi wala giabox ya kubadilisha oili kama hiyo yako, na breki zinakaa sana kwa sababu mota yenyewe inasaidia kupunguza mwendo huku inarudisha umeme kwenye betri. Hapo nakupa shilingi 20 nyingine kwa kilomita, milioni moja kwa mwaka. Jumla milioni 1.9 kwa mwaka. Hiyo milioni 1.9 ndio inatakiwa ilipe uchakavu wa betri na ilipe hela ya kuongeza juu ya IST ili upate Leaf. Gesi umeshaweka upande mwingine wa mizani kwaiyo huwezi tena kujidanganya na ile 223.

Sasa tuje kwenye betri yenyewe. Leaf za kwanza zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2010 zina betri ya uniti 24, ndio hizo za bei ya chini unazoonyeshwa. Ikiwa mpya kabisa inakupa kama uniti 21 za kutumia. Nyingi zinazofika huku zimeshashuka, tuseme afya iko asilimia 70, hapo unabaki na uniti 15, na kwa matumizi ya mjini ni kilomita 90 na kitu. We unatembea 160. Kwaiyo ukifika saa nane mchana umesimama mahali unachaji na abiria wanaita, na chaja za haraka za umma hapa kwetu bado ni za kutafuta kwa tochi, achilia mbali kwamba Leaf kwa chaji ya haraka inatumia mdomo wa Kijapani unaoitwa CHAdeMO ambao hata dunia yenyewe inauacha. Hiyo ya uniti 24 kwa kazi yako ifute kabisa.

Inabaki ile ya uniti 40, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2017. Ukipata yenye afya asilimia 85 una uniti kama 32 za kweli, kilomita 200. Hapo siku yako inaenea na akiba inabaki. Lakini angalia hiki kitu kwa makini, maana ndio moyo wa jibu langu. Ikishuka hadi asilimia 70 unabaki na uniti 26, kilomita 160 na kidogo, yaani ndio siku yako yote bila akiba hata ya kurudi nyumbani. Kwaiyo wewe hununui betri ya kutoka asilimia 85 hadi sifuri, unanunua asilimia 15 tu. Zile zilizobaki zipo, zinafanya kazi vizuri kabisa, ila kwa mtu wa kilomita 60 kwa siku. Betri haijafa, kwako wewe ndio imekufa. Na ndio maana ukiuliza watu wawili wenye Leaf moja ile ile, mmoja anakwambia nzuri sana na mwingine anakwambia nimepigwa, na wote wanasema ukweli.

Hizo asilimia 15 zitakaa muda gani? Geotab, wanaofuatilia magari ya biashara, walitoa tathmini 2024 wakaona wastani wa magari ya umeme ni kupoteza asilimia 1.8 ya betri kwa mwaka. Huo ni wastani wa magari mengi ambayo betri zake zinapozwa kwa maji maalum. Leaf hizi za mtumba hazina hiyo kitu, betri yao inapozwa na upepo tu unaopita chini ya gari, na kwa kemia ya betri joto ni adui namba moja, kwa makadirio ya kawaida ukiongeza nyuzi 10 kasi ya kuzeeka inakaribia kuwa mara mbili. Wamarekani wa Arizona walilia na hii mapema tu, mwaka 2012 wenye Leaf za Phoenix walikuwa wanapoteza vijiti vya afya ya betri kwenye dashibodi wakati wenzao wa sehemu za baridi wapo vizuri. Sasa Dar yetu Januari unaijua. Ongeza na kwamba utakuwa unaitoa umeme na kuijaza karibu yote kila siku, ni kama mizunguko 250 kamili kwa mwaka. Mi kwa kazi hiyo nakadiria asilimia 4 kwa mwaka, na hapo unaichaji vizuri usiku kwa chaja ndogo. Asilimia 15 gawa kwa 4, haifiki miaka minne.

Miaka minne mara milioni 1.9 ni milioni saba na nusu hivi. Basi hiyo ndio kanuni yako. Chukua bei ya Leaf ya uniti 40 ikiwa imeshatoka bandarini na ushuru wa TRA na namba juu, toa bei utakayoiuza baada ya miaka minne ikiwa na betri ya asilimia 70, toa na bei ya IST yako leo pamoja na gharama ya kufunga gesi, kisha rudishia juu thamani itakayobaki kwenye IST hiyo baada ya miaka hiyo hiyo. Kama tofauti ni chini ya milioni saba na nusu, Leaf inashinda. Ikizidi, gesi inashinda. Kwa bei ninazoziona watu wanaleta, kwa mtu ambaye tayari ana gari inayotembea, inazidi. Na ukienda kuchukua ya zamani zaidi ili upunguze bei, kumbuka gari iliyozidi umri TRA wanakuongezea ushuru wa uchakavu, na huo uchakavu kwenye gari ya umeme ndio ule ule ulioko kwenye betri, unalipia mara mbili.

Lakini hiyo hesabu ibebe uende nayo Arusha uone inavyogeuka. Vituo vya gesi viko zaidi Dar, Pwani na kule Mtwara gesi inakotoka, ukienda Arusha, Mbeya au Bukoba pa kujaza ni shida. Kule mshindani wa umeme ni petroli, yaani 223 dhidi ya 64, tofauti ya shilingi 159 kwa kila kilomita, mtu wa kilomita elfu 30 kwa mwaka anaokoa milioni 4.7 kabla hata hujagusa matengenezo. Na hali ya hewa ya kule betri inaipenda. Kwaiyo Leaf ile ile ambayo nakukataza wewe wa Tabata, mwalimu wa Njiro anayeenda kazini na kurudi na kupeleka watoto shule na kuzunguka mjini kilomita 80 kwa siku ningemwambia aangalie kwa umakini, maana kwake inalipa. Ila mtu wa kilomita 15 kwa siku popote alipo asijisumbue, betri inazeeka hata ikilala, na kilomita chache hazitoshi kurudisha hela yake.

Kuhusu gesi nisije nikaonekana nakuuzia ndoto. Foleni unazijua, kuna vituo mtu anakaa masaa, na saa moja yako ya jioni ina thamani kuliko hiyo elfu tatu ya tofauti. Mji umeongeza vituo, TPDC wamejenga kituo mama pale Sam Nujoma karibu na Chuo Kikuu, ila kabla hujafunga, wiki nzima pita kwenye vituo viwili vya njia yako muda ambao wewe ungeenda kujaza uone hali halisi, usiulize mtu. Mtungi utakula buti, abiria wa uwanja wa ndege wenye mabegi watakusumbua. Nguvu ya gari kwenye mlima itapungua kidogo. Na tafadhali funga kwa karakana iliyosajiliwa, upewe cheti cha mtungi chenye tarehe ya kupimwa tena. Nimeshapokea gari ambayo bomba la shinikizo kubwa limepitishwa karibu na ekzosi na kufungwa kwa zile klipu za plastiki za kufungia waya. Bomba hilo linabeba gesi ya shinikizo la ba 200. Mwenye gari alikuja kwangu kwa sababu taa ya injini inawaka tu, hakujua anabeba nini.

Sasa twende mbali kidogo maana umeuliza ya muda mrefu. Mwaka 2010 betri ya lithiamu ilikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa uniti moja ya ujazo. BloombergNEF ambao wanafuatilia bei hizi kila mwaka, 2024 walitoa wastani wa dola 115. Sio kwamba ilishuka kila mwaka bila kusimama, 2022 ilipanda, na ilikuwa mara ya kwanza tangu waanze kuhesabu, kwa sababu lithiamu na madini mengine yalipaa. Ila ikarudi kushuka kwa kasi. Hiyo bei ni ya viwanda vinavyonunua kwa wingi, wewe ukienda kununua moja utalipa mara mbili au zaidi, na mwaka 2014 Nissan walipotangaza Marekani bei ya kubadilisha betri ya Leaf ya uniti 24 ilikuwa dola 5,499 na ile ya zamani unawaachia. Lakini uelekeo ndio wa kuangalia. Kila dunia inapozalisha betri nyingi zaidi gharama inashuka, petroli haina tabia hiyo, petroli inategemea vita na dola na meli.

Na kuna mabadiliko ya kemia ambayo kwako ni makubwa kuliko bei. Betri nyingi za magari zilikuwa na nikeli na kobalti, na kobalti ya dunia zaidi ya nusu inatoka Kongo, kule Kolwezi kwa wenzetu wa Katanga wanaozungumza Kiswahili kama sisi, madini ya shida na lawama nyingi za uchimbaji. Wachina wakasukuma aina nyingine inaitwa LFP, ni lithiamu, chuma na fosfati, haina kobalti wala nikeli. BYD wameitengeneza kwa mtindo wa vipande virefu tangu 2020. Inabeba umeme kidogo zaidi kwa uzito ule ule, ila inavumilia joto vizuri zaidi, ni ngumu zaidi kushika moto, na mizunguko inafika 3,000 na kupita. Rudi kwenye kazi yako, mizunguko 250 kwa mwaka, 3,000 ni miaka 12. Hapo ile hesabu ya asilimia 15 inakufa yenyewe. Gari hizo saivi ni mpya na bei yake haikuhusu bado, ila zilizouzwa kwa wingi China na kwingine kuanzia 2021 na kuendelea zitaanza kuwa mtumba, na mtumba ndio njia yetu. Ndio maana nakwambia gesi sasa, zile elfu 22 kwa siku usizile zote, baada ya miaka miwili mitatu ukiwa na akiba nzito nenda katafute LFP yenye usukani wa kulia.

Upande wa umeme wenyewe nina imani nao kuliko watu wengi. Mwisho wa 2023 tulikuwa kwenye mgao, nakumbuka jenereta za mtaa mzima zinavyounguruma, Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere kule Rufiji ukawashwa, na bwawa zima lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115. Bei ya T1 kabla ya kodi iko 292 tangu 2016, hebu niambie petroli gani imekaa hivyo. Tatizo letu saivi liko kwenye nyaya na transfoma za mtaani zaidi kuliko kwenye kuzalisha, na hilo kwa mtu wa kuchaji usiku lina uzito wake, usiku mmoja umeme ukikatika kesho yake huna kazi. Wahabeshi wa Ethiopia wao wameamua kabisa, mwaka 2024 wakapiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli, wana mabwawa na hawana dola za kununulia mafuta. Mafuta unalipia dola kila wiki maisha yako yote, betri unalipia dola mara moja, baada ya hapo ni shilingi na maji ya Rufiji. Kwa nchi kama yetu hiyo ni hoja nzito hata kama leo kwako wewe binafsi haijalipa.

Shemeji yako wa Nairobi anasema kweli kwa upande wake, na nadhani hajakuambia kwa nini. Boda nyingi za umeme kule, kama ilivyo Kigali, dereva haimiliki betri. Anafika kituoni, anatoa iliyoisha, anaweka iliyojaa, analipia, anaondoka ndani ya dakika chache. Uchakavu wa betri ni wa kampuni, na kampuni ina betri maelfu kwaiyo inajua kila moja inazeekaje na lini iitoe. Yaani ile hofu yako yote imelipiwa humo humo kwenye bei ya kubadilisha. Halafu Kenya tangu 2023 kuna bei maalum ya umeme wa vyombo vya moto, usiku ni nusu ya mchana. Na umeme wao mwingi ni mvuke wa Olkaria na maji na upepo wa Turkana, Kigali nao tangu Januari 2025 hawasajili tena pikipiki mpya ya biashara ya petroli. Ukiwa na ndugu wa bodaboda hapa Dar na ikaja huduma ya namna hiyo yenye vituo vya kutosha, mwambie aangalie bila kusita. Kwa gari haijafika.

Haidrojeni, hapo lala usingizi. Toyota waliuza Mirai tangu 2014, gari nzuri, teknolojia inafanya kazi. Shida ni hesabu ya umeme. Uniti 100 za umeme ukiziweka kwenye betri, kwenye tairi zinafika kama 75. Uniti hizo hizo ukitengenezea haidrojeni kutoka kwenye maji, uikandamize, uisafirishe, kisha gari iigeuze tena kuwa umeme, zinafika kama 30. Hakuna ujanja wa biashara unaofuta hiyo, ni fizikia. Shell walifunga vituo vyao vya haidrojeni vya magari madogo California mwaka 2024, na California ndiko ilikokuwa imebebwa kwa ruzuku kuliko sehemu nyingi. Viwanda vya mbolea na chuma itawafaa, labda na meli. Teksi ya Dar haimo.

Kwa nini basi betri iliyochoka sio bati. Leaf ya uniti 24 ndani ina moduli 48, yaani vipande vya betri vinavyotoka kimoja kimoja, kila moja ilianza na nusu uniti ya umeme. Ikiwa imebaki asilimia 65 bado ina uniti theluthi moja, na saba ukizipanga mfululizo zinakupa volti 52 hivi, zinaingia kwenye inveta ya sola ya volti 48. Kule Amsterdam uwanja wa mpira wa Johan Cruijff tangu 2018 una akiba ya umeme iliyofungwa na betri sawa na za Leaf 148, nyingine mpya nyingine zilizotoka kwenye magari. Mafundi wa sola hapa wameanza kuziulizia. Kwaiyo Leaf iliyokufa kama gari ina hela ndani yake, hiyo pia iweke kwenye hesabu. Ila usije ukafungua mwenyewe, ile betri ikiwa imeunganishwa ni volti 360 za DC, haikuachii ukishika. Zile waya za rangi ya chungwa chini ya gari ziheshimu.

Mwisho kabisa, najua rafiki yako ataendelea kukushawishi na labda gari ameshaiona kwa mtu hapa hapa mjini. Ukienda kuiangalia usisome ule umbali unaoonyeshwa kwenye dashibodi, ule unabadilika na alivyoendesha mtu wa mwisho. Angalia vile vijiti vidogo kulia kabisa, vinatakiwa 12, kijiti cha kwanza kinapotea betri ikishapoteza asilimia 15, vingine ni asilimia sita na robo kila kimoja, kwaiyo vikiwa 9 uko kati ya 66 na 72. Na hivyo vijiti navyo vinachezewa, kuna watu wanafuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vinarudi 12 kwa wiki chache kisha vinaporomoka. Nunua kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani cha bluetooth, pakua programu ya LeafSpy kwenye simu, utaona afya ya betri na utaona seli 96 zimepangwa kama mistari iliyosimama. Iendeshe mpaka betri ifike chini ya asilimia 20, upande mlima kidogo, uangalie tena hiyo mistari. Kama kuna mmoja umezama mbali chini ya wenzake, seli hiyo ndio itakayokusimamisha barabarani hata kama wastani unasomeka vizuri. Chaja yake ya Japani ni ya volti 200 kwa plagi yao, kabla hujachomeka kwenu ita fundi umeme aangalie waya na ethi ya nyumba, na kama kwenu mko D1, ile bei nafuu ya wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, jua kwamba kwa kilomita zako zinaisha ndani ya siku tatu, mtahamishiwa T1 nyumba nzima mpaka friji ya mama. Picha ya hiyo mistari ikiwa betri iko chini ya 20 nitumie, ntakusomea kabla hujatoa hela.